Neno la Kiebrania la Upatanisho: Mwongozo Kamili wa Kulichunguza na Kulifundisha

Somo hili huharibika mahali palepale kila mara. Mwalimu anafungua kamusi, anakuta neno kafar, anasoma "kufunika", anakimbilia safina ya Nuhu na lami yake, kisha anahubiri kwamba damu ya wanyama ilifunika dhambi tu mpaka Kristo alipokuja kuziondoa. Kanisa linaitikia amina. Halafu msikilizaji mmoja anafungua Walawi 16:30, anauliza mbona pale watu wanatakaswa dhambi zao zote, na mwalimu anabaki kushika karatasi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa wainjilisti, walimu wa Shule ya Jumapili, viongozi wa vikundi vya nyumbani na wanafunzi wa uchungaji, kuanzia Dodoma mjini hadi Kongwa, Mpwapwa, Bahi na Kondoa. Huhitaji kujua Kiebrania. Unahitaji subira ya kuhesabu aya na kuacha zikujibu kabla hujaiuliza kamusi.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Biblia mbili za Kiswahili. Moja iwe Union Version, ile ambayo wengi kanisani wanaishika. Nyingine iwe Habari Njema au Neno. Ukizikosa kijijini, Chama cha Biblia cha Tanzania kina makao yake makuu Dodoma mjini. Mtu anayekwenda mjini anaweza kukuletea.

Biblia yenye namba za Strong. Hizi ni namba zilizowekwa kwa kila neno la Kiebrania na Kiyunani. Kwa kawaida Biblia zetu za Kiswahili hazina namba hizo, kwa hiyo utatumia King James Version (KJV), Biblia ya Kiingereza, yenye namba. Kiingereza chako kikiwa kidogo usiogope: unachotafuta ni namba, na namba husomeka kwa lugha yoyote. Kwenye simu ya Android, programu za Biblia MySword na AndBible hufanya kazi bila mtandao ukishapakua. Pakua ukiwa mahali penye mtandao mzuri, pamoja na moduli (faili la kuongeza kwenye programu) ya KJV yenye Strong na kamusi yake. Ukifika kijijini ndipo ukumbuke moduli, umechelewa.

Daftari la kurasa kubwa, rula, na kalamu za rangi tatu. Utachora jedwali. Kazi hii haifanyiki kichwani.

Muda. Tenga vikao vitatu vya saa mbili mbili. Cha kwanza kimalize hatua ya 1 na 2, cha pili hatua ya 3 na 4, cha tatu zilizobaki. Wanaofanya yote usiku wa Jumamosi ndio wanaoishia kwenye lami.

## Hatua ya 1: Andika mzizi pamoja na ukoo wake

Mzizi una herufi tatu: kaf, pe, resh. Herufi pe husomwa p au f kulingana na mahali ilipo, ndiyo maana utaona kafar na kipper yakitajwa kama maneno mawili, kumbe mzizi ni mmoja.

Katika ukurasa wa kwanza andika hivi:

- Kafar / kipper, kitenzi, namba 3722. Ndilo linalotafsiriwa mara nyingi "kufanya upatanisho".
- Kofer, nomino, namba 3724. Fidia, malipo ya kuokoa uhai.
- Kippurim, nomino ya wingi, namba 3725. Upatanisho, kama katika Siku ya Upatanisho, Walawi 23:27.
- Kapporet, nomino, namba 3727. Kifuniko cha dhahabu juu ya sanduku la agano, ambacho Union Version inakiita kiti cha rehema. Vipimo vyake viko Kutoka 25:17: urefu dhiraa mbili na nusu, upana dhiraa moja na nusu.

Kabla hujafunga daftari, weka alama ya hatari kwenye namba mbili za kwanza.

Namba 3722 imeunganisha matumizi mawili yasiyofanana. Kitenzi katika umbo lake la kawaida, kafar, kinapatikana mara moja tu katika Agano la Kale lote: Mwanzo 6:14, Nuhu anapoambiwa apake safina lami. Mahali pote penye sadaka, damu, kuhani na msamaha, Kiebrania hutumia umbo lingine, hasa kipper. Na neno la lami lenyewe lina ndugu yake katika Kiakadi, lugha ya kale ya Mesopotamia, ambako kupru ni lami. Wataalamu wengi huona lami na upatanisho kuwa mizizi miwili iliyofanana sauti. Kamusi ya Strong, iliyotoka mwaka 1890, haiitenganishi.

Namba 3724 ndiyo yenye mchanganyiko zaidi. Chini yake utakuta fidia, lami, kijiji, na hata mmea wa hina wa Wimbo Ulio Bora 1:14. Hakuna mtu atakayehubiri kwamba upatanisho ni hina. Basi kwa sababu hiyohiyo usihubiri kwamba ni lami.

Umefaulu kama: unaweza kutaja maneno manne na namba zake bila kutazama, na unajua ni aya ipi moja inayohusu lami.

## Hatua ya 2: Kusanya aya, ukianza na Walawi 16

Kitenzi hiki kimetumika takribani mara 100, na karibu nusu yake ni katika kitabu cha Walawi. Ndiyo maana anayeanza na Mwanzo anapotea: anaanza na ukingo wa shamba.

Fungua Walawi 16 kwenye Biblia yenye namba. Pigia mstari kila 3722 kwa rangi moja, na kila 3727 kwa rangi nyingine. Hesabu.

Kitenzi kipper unapaswa kukipata mara 16: aya za 6, 10, 11, 16, 17 (mara mbili), 18, 20, 24, 27, 30, 32, 33 (mara tatu) na 34. Kapporet unapaswa kuipata mara 7: aya ya 2 (mara mbili), 13, 14 (mara mbili) na 15 (mara mbili). Hesabu yako ikipungua, rudi aya ya 17 na ya 33, ndizo zinazorukwa.

Kisha ongeza aya hizi kwenye jedwali, hata kama huna muda wa nyingine: Mwanzo 32:20, Kutoka 21:30, 30:11-16, 32:30, Walawi 4:20, 26, 31, 35, 5:11-13, 14:53, 17:11, Hesabu 16:46-47, 25:11-13, 35:31-33, Kumbukumbu la Torati 21:1-9, Zaburi 65:3 na 78:38, Methali 16:6 na 16:14, Isaya 6:7, Yeremia 18:23.

Tahadhari ya hesabu za aya. Programu ikikuonyesha maandishi ya Kiebrania, aya zinaweza kupishana na Biblia yako. Mwanzo 32:20 ni 32:21 katika Kiebrania. Hesabu 16:46-47 ni 17:11-12. Walawi 6:7 ni 5:26. Zaburi zenye kichwa cha habari mara nyingi husogea aya moja. Watu wamewahi kukata tamaa hapa wakidhani programu imeharibika.

## Hatua ya 3: Iulize kila aya maswali manne

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo usikimbie. Chora safu nne kwenye jedwali:

1. Nani anafanya tendo?
2. Anatumia nini?
3. Tendo linamwangukia nani, au nini?
4. Matokeo yanatajwa kuwa nini?

Sababu ya kufanya hivi ni rahisi. Neno linajulikana kwa kampuni linayotembea nayo. Kamusi inakupa muhtasari wa kazi ya mtu mwingine. Jedwali linakupa ushahidi wenyewe.

Safu ya kwanza itajaa kuhani. Lakini angalia Zaburi 65:3 na 78:38: anayefanya ni Mungu mwenyewe. Kwa Kiswahili hutaona hilo, kwa sababu Zaburi 78:38 inasema "husamehe uovu". Nyuma ya "husamehe" kuna kipper.

Safu ya pili ndiyo inayowashangaza walimu wa muda mrefu. Damu ndiyo inayoongoza, na Walawi 17:11 inaeleza sababu: uhai wa mwili u katika damu. Ila haiko peke yake. Hesabu 16:46-47 Haruni anatumia uvumba. Kutoka 30 ni nusu shekeli ya fedha, tajiri asizidishe wala maskini asipunguze. Kutoka 32:30 Musa anapanda mlimani akiwa na maombi tu. Na Walawi 5:11-13, maskini asiyeweza kupata hata hua wawili analeta unga, sehemu ya kumi ya efa. Kwa vipimo vya sokoni kwetu hiyo ni kama nusu sado. Naye anasamehewa.

Mwalimu anayesema "hakuna kipper popote bila damu" atasahihishwa na aya hii siku moja, na ni afadhali ajisahihishe mapema. Waebrania 9:22 yenyewe ina uangalifu: "karibu vitu vyote" husafishwa kwa damu. Neno "karibu" halikuandikwa kwa bahati.

Safu ya tatu ichukue muda mrefu kuliko zote. Andika kila kinachotendewa. Utapata watu, ndiyo. Lakini Walawi 16:16 ni patakatifu. Walawi 16:18 ni madhabahu. Walawi 16:33 ni patakatifu, hema na madhabahu pamoja. Walawi 14:53 ni nyumba iliyokuwa na ukoma ukutani. Hesabu 35:33 ni nchi.

Sasa jiulize: nyumba ilikosana na nani mpaka ipatanishwe? Hapa neno letu "kupatanisha", katika maana yake ya kila siku, linagota. Jirani ng'ombe wake wakila mtama wa mwenzake, wazee hukaa, kila upande hushuka kidogo, mikono inashikwa. Hiyo ndiyo picha inayomjia msikilizaji wa Chamwino au Manyoni ukitamka "upatanisho". Madhabahu haiwezi kushuka kidogo. Madhabahu inasafishwa, na Walawi 16:19 inasema hivyo waziwazi: kuhani anaitakasa na uchafu wa wana wa Israeli.

Angalia pia ambaye hayumo katika safu hii. Katika Agano la Kale Mungu hatajwi kuwa ndiye anayefanyiwa kipper. Yakobo anafanya hivyo kwa uso wa Esau (Mwanzo 32:20), lakini hakuna kuhani anayeambiwa aufanyie hivyo uso wa Mungu. Tendo huangukia watu, vitu, au dhambi yenyewe, mbele za Mungu.

Safu ya nne itakupa maneno matatu yakirudiarudia: kusamehewa (Walawi 4 ina kibwagizo hicho mara nne), kutakaswa (16:30), na kuepushwa na mauti au pigo (Kutoka 30:12, Hesabu 16:48).

Umefaulu kama: jedwali lina aya zisizopungua 20, na safu ya tatu ina vitu visivyo na roho angalau vinne.

## Hatua ya 4: Panga aya katika mafungu matatu

Tumia zile kalamu za rangi.

Kusafisha. Aya zenye uchafu, kutakasa, madhabahu, patakatifu. Walawi 16 karibu yote iko hapa. Kiakadi kina kitenzi cha ukoo huu, kuppuru, chenye maana ya kufuta au kusafisha kwa kusugua, na Yeremia 18:23 inaweka kipper sambamba na kufuta dhambi.

Fidia. Aya zenye kofer. Kutoka 21:30, mwenye ng'ombe mkali aliyeua mtu anaweza kutozwa malipo ili yeye mwenyewe asife. Kutoka 30:12-16, kofer na kipper zimekaa katika aya chache zilezile, kwa hiyo uhusiano wake haukuzuliwa na wahubiri. Hesabu 35:31 inaweka mpaka: muuaji wa makusudi halipiwi kofer. Hakuna kiasi kinachotosha.

Hapa kuna mtego. Neno kofer lina upande mchafu: katika 1 Samweli 12:3 na Amosi 5:12 ni rushwa. Msikilizaji anayeishi kwenye nchi ambayo kila mtu ana kisa chake cha rushwa atauliza kama sadaka ilikuwa namna ya kumlainisha Mungu. Usimkemee kwa swali hilo. Mwonyeshe Walawi 17:11, ambako Mungu anasema "nami nimewapa ninyi hiyo damu". Rushwa hutoka kwa mkosaji kwenda kwa hakimu. Hii imetoka kwa hakimu.

Kutuliza hasira. Fungu dogo, lakini lipo. Mwanzo 32:20 na Methali 16:14 zinahusu hasira ya wanadamu: Esau, na mfalme. Hesabu 16:46 na 25:11-13 zinahusu ghadhabu ya Mungu, na katika zote mbili tauni inakoma.

Wasomi wamebishana kwa miaka mingi kama kiini ni kusafisha dhambi au kutuliza ghadhabu. Kwa maoni ya mwongozo huu, anayetupa fungu la tatu anatupa maandiko, na anayelifanya kuwa ndilo yote atashindwa kueleza nyumba ya Walawi 14. Fundisha mafungu yote, kila moja kwa aya zake. Usimwage maana zote tatu ndani ya kila aya. Hilo ndilo kosa la pili kwa ukubwa baada ya lami.

## Hatua ya 5: Pima ile hoja ya "kufunika"

Hoja hii ina ushahidi fulani, na haki yake ipewe. Linganisha Yeremia 18:23 na Nehemia 4:5. Maombi ni karibu yaleyale, lakini pale Yeremia anapotumia kipper, Nehemia ana kasah, kitenzi cha kawaida cha kufunika au kusitiri, namba 3680. Union Version nayo imetafsiri kipper ya Isaya 6:7 "dhambi yako imefunikwa".

Sasa angalia walikokosea wanaoitumia.

Kwanza, wananukuu Zaburi 32:1, "kusitiriwa makosa yake", kana kwamba ni kipper. Sivyo. Ni kasah. Bonyeza neno kwenye simu uone namba.

Pili, na hili ndilo zito, hata tukikubali kwamba kipper ni kufunika, kufunikwa dhambi katika Biblia si nusu msamaha. Aliyesitiriwa makosa katika Zaburi 32 anaitwa heri, na Paulo anaichukua zaburi hiyohiyo katika Warumi 4:7 kueleza kuhesabiwa haki. Huwezi kusema "ilifunika tu" mahali ambapo Paulo anasema ndiyo habari njema.

Je, basi sadaka za wanyama zilitosha? Hapana, na Waebrania 10:1-4 inasema hivyo bila kuzunguka: zilirudiwa mwaka kwa mwaka, na damu ya mafahali na mbuzi haiwezi kuondoa dhambi. Jenga hoja hiyo juu ya Waebrania, inakostahili. Usiitafute ndani ya mzizi wa Kiebrania, haimo.

## Hatua ya 6: Vuka hadi Agano Jipya kwa daraja la Kiyunani

Waandishi wa Agano Jipya waliandika Kiyunani, na mara nyingi walinukuu Septuaginta, tafsiri ya Kiyunani ya Agano la Kale. Humo, kipper kwa kawaida ni exilaskomai, kapporet ni hilasterion, na kofer mara nyingi ni lutron. Fuata ukoo huo, nao utakufikisha kwenye aya hizi:

- Warumi 3:25, hilasterion, "upatanisho".
- Waebrania 9:5, hilasterion hilohilo, "kiti cha rehema".
- Waebrania 2:17, kitenzi cha ukoo huo, "afanye suluhu kwa dhambi za watu wake".
- 1 Yohana 2:2 na 4:10, hilasmos, "kipatanisho".
- Luka 18:13, mtoza ushuru, "uniwie radhi mimi mwenye dhambi".
- Marko 10:45, lutron, "fidia ya wengi".

Maneno matano ya Kiswahili kwa ukoo mmoja wa hilas-. Msomaji wa Kiswahili peke yake hawezi kuuona undugu huo, na si kosa lake.

Kuna shida ya pili, ya kinyume. Neno "upatanisho" la Warumi 5:11 na la 2 Wakorintho 5:18 halitokani na ukoo huu. Ni katallage, kurudisha uhusiano kati ya waliokuwa maadui. Itifaki ya Kiswahili, yaani kitabu kinachoorodhesha aya kwa maneno yake, inaziweka aya hizi pamoja na Warumi 3:25, na hapo ndipo wengi wanapochanganya. Andika mpaka huu kwa herufi kubwa: Warumi 3:25 ni dhambi kushughulikiwa, Warumi 5:11 ni uhusiano uliopatikana kwa sababu hiyo. La kwanza huzaa la pili. Ukizigeuza, utafundisha kwamba Mungu na mwanadamu walikaa kikao wakaelewana.

Umefaulu kama: mtu akikusomea aya yenye "upatanisho" katika Agano Jipya, unaweza kumwambia ni ukoo gani, au angalau unajua namba ya kubonyeza: 2433, 2434 na 2435 kwa ukoo wa hilas-, 2643 na 2644 kwa ukoo wa katallage.

## Hatua ya 7: Chagua maneno utakayosema kwa sauti

Kafara. Neno hili limetufikia kupitia Kiarabu, na lina undugu wa karibu na kipper. Inavutia kulitumia. Lakini mtaani "kutoa kafara" ni maneno ya mganga, ya mtu aliyemtoa ndugu yake ili atajirike. Ukilitamka mara moja kwenye mahubiri ya Ijumaa Kuu, nusu ya kanisa itaondoka na picha hiyo. Liache, au litumie kwenye darasa dogo ambamo una muda wa kulisafisha.

Ondoleo, utakaso, fidia. Yatumie kwa mafungu, kila moja mahali pake. Acha "upatanisho" libaki kuwa jina la jumla, kwa sababu liko kwenye Biblia ya msikilizaji.

Mahali wanaposoma Kigogo. Biblia ya Kigogo ipo. Mwombe mzee au mama wa kanisa asome Walawi 16:30 kwa Kigogo kwanza, kisha umuulize neno hilo kijijini hutumika wapi kwingine. Sikiliza kabla ya kusahihisha. Wakati mwingine neno la nyumbani liko karibu na kusafisha kuliko la Kiswahili.

Kikundi chenye waumini wa makanisa tofauti. Ukigusa Walawi 16 mbele ya Wasabato, swali la mwaka 1844, ambao katika mafundisho yao Kristo alianza kazi ya Siku ya Upatanisho katika patakatifu pa mbinguni, litakuja, na Azazeli wa Walawi 16:8 atafuata nyuma. Sema mapema kwamba leo ni maana ya neno, na upange siku nyingine. Usipofanya hivyo kipindi kitaishia hapo.

Sentensi moja ya kukariri, unayoweza kuibadilisha kadiri ya kanisa lako: *Kipper ni tendo alilolitoa Mungu, ambalo kwalo uchafu na hatia ya dhambi huondolewa, uhai ukitolewa mahali pa uhai, ili mtu aweze kukaa tena karibu na Mungu asife.*

## Hatua ya 8: Endesha somo kwa dakika 40

Dakika 5, soma Walawi 16:15-22 na 29-34 kwa sauti, wasomaji wawili. Usieleze chochote bado.

Dakika 10, waachie maswali ya hatua ya 3. Wao ndio watafute kwamba madhabahu imo. Ukiwaambia wewe, watasahau kabla ya kufika nyumbani.

Dakika 10, mafungu matatu, aya moja kwa kila fungu: Walawi 16:30, Kutoka 30:12, Hesabu 16:46.

Dakika 10, Warumi 3:25 na Waebrania 9:5 zikiwekwa pamoja. Yule kuhani aliingia mara moja kwa mwaka, tarehe 10 ya mwezi wa saba, akanyunyiza damu juu ya kapporet nyuma ya pazia, mahali ambapo watu hawakuona. Paulo anasema Mungu amemweka Kristo kuwa hilasterion, na hapo kitenzi cha Kiyunani kinaweza kubeba maana ya kuweka hadharani.

Dakika 5 za mwisho, usiulize "mmeelewa?" Watasema ndiyo. Uliza haya matatu.

*Madhabahu ilitenda dhambi gani mpaka ifanyiwe upatanisho?* Jibu sahihi: haikutenda, ilichafuliwa na dhambi za watu. Wakikwama, rudi Walawi 16:16-19.

*Maskini asiye na hua alisamehewaje?* Jibu sahihi: kwa unga, kwa sababu Mungu aliukubali. Wakisema hakusamehewa, wasome Walawi 5:13 wenyewe.

*Nani alitoa?* Wengi watajibu "mkosaji", na hawajakosea kabisa. Mbuzi alitoka zizini kwake. Wasomee Walawi 17:11 na Warumi 3:25 moja baada ya nyingine, wapigie mstari "nimewapa" na "Mungu amekwisha kumweka", kisha uwaulize tena.